Mabasi Mawili kwa Mpigo: Hesabu ya Kusubiri Kituoni na Mabadiliko Yanayokuja

Ubao wa kituo unasema basi hupita kila dakika 10. Umesimama dakika 20. Mwishowe linatokea, limeshona, watu wamebanwa hadi kwenye vioo, na kabla halijafunga mlango la pili la njia hiyo hiyo linajipanga nyuma yake likiwa na viti vitupu. Lawama za kwanza humwendea dereva: alikuwa anapiga soga huko mwanzo wa njia. Mara nyingi anasingiziwa. Mabasi yaliyotoka asubuhi yakiwa yameachana vizuri huishia kufuatana kama bata na watoto wake hata kila dereva akifanya kazi yake kwa uaminifu, na sababu yake ni hesabu ya shule ya msingi. Inafaa kuijua, maana karibu kila badiliko ambalo majiji yanatangaza siku hizi, iwe kadi ya kugusa, njia ya mabasi pekee, basi la umeme au kufutwa kwa kituo chako, linapimwa kwa swali moja: litafanya nini kwa pengo lililopo kati ya basi na basi?

Wastani usiosema ukweli wote

Tuchukue njia yenye mabasi 6 kwa saa. Yakija kwa usawa, kila baada ya dakika 10, abiria anayefika kituoni bila kuangalia saa atasubiri wastani wa dakika 5. Sasa mabasi hayo hayo 6 yaje kwa jozi: pengo la dakika 18, kisha la dakika 2, kisha 18 tena. Idadi haijabadilika, na ofisi ikiandika kwenye ripoti kwamba kuna basi kila dakika 10 haitakuwa imedanganya. Lakini katika kila abiria 10 wanaofika kituoni, 9 wataangukia ndani ya pengo refu, kwa kuwa ndilo lililochukua dakika 18 kati ya 20. Hao 9 watasubiri wastani wa dakika 9. Mwenzao mmoja aliyebahatika kuangukia pengo fupi atasubiri dakika 1. Wachanganye wote, utapata dakika 8.2. Hakuna basi lililoondolewa barabarani, hakuna dereva aliyegoma, na kusubiri kumepanda kwa zaidi ya nusu.

Kuna la pili hapo ambalo huzua ugomvi usioisha kati ya abiria na wasimamizi. Wale 9 wote wanapanda basi moja. Ukihesabu mabasi, nusu yana nafasi tele. Ukiwauliza abiria, 9 kati ya 10 watakwambia walisimama wakiwa wamebanana. Pande zote mbili zinasema kweli. Mmoja anahesabu magari, mwingine anahesabu watu.

Wapangaji wa usafiri huichukulia dakika 1 ya kusubiri kituoni kuwa na uzito wa takriban dakika 2 za kukaa ndani ya basi, na aliyewahi kusimama kwenye jua au mvua hatabisha. Pia wanajua kwamba mabasi yakipita kila dakika 12 au chini ya hapo, watu huacha kusoma ratiba na kwenda tu kituoni. Kwenye njia za namna hiyo, kuuliza kama basi la saa 1:42 limefika saa 1:42 ni kupoteza muda, kwa sababu hakuna abiria aliyekuwa akilisubiri hilo la saa 1:42. Anasubiri lolote litakalotangulia. Kwenye njia yenye basi moja kila nusu saa mambo ni kinyume: hapo saa ndiyo kila kitu, na basi likiondoka dakika 2 kabla ya wakati limefanya kosa kubwa kuliko likichelewa dakika 5.

Ucheleweshaji unaozaa kama riba

Kituo kinapokea abiria 2 kwa dakika, na kila mmoja anachukua sekunde 3 kupanda. Basi likifika likiwa limechelewa dakika 2, kwa sababu ya taa nyekundu mbili au lori lililoziba barabara, linakuta watu 4 zaidi ya kawaida. Hao wanakula sekunde 12. Kituo kinachofuata basi linafika likiwa limechelewa dakika 2 na sekunde 12, na watu wameongezeka zaidi. Kila kituo kinaongeza asilimia 10 juu ya kilichokuwepo. Baada ya vituo 10 tu, zile dakika 2 zimekuwa zaidi ya 5, na bado hujahesabu wanaoshuka, ambao nao ni wengi kwa kuwa waliopanda ni wengi.

Basi la nyuma linaishi maisha ya kinyume. Lile la mbele limemkusanyia kila mtu, hivyo linakuta vituo vimefagiwa, linasimama kidogo na linakwenda haraka. Moja linazidi kulemewa, jingine linazidi kupepea, hadi wanakutana. Wakishakutana hawaachani wenyewe. Watafiti Newell na Potts walilieleza jambo hili kihisabati mwaka 1964, na hakuna jiji lililolikwepa tangu wakati huo, kwa sababu basi lolote linalosimama kwa muda unaotegemea idadi ya wanaosubiri lina ugonjwa huu ndani yake.

Ndiyo maana dereva anayekimbiza gari hajasaidia. Akiwahi kwa dakika 2 anachukua watu wachache, anazidi kuwahi, na aliye nyuma yake anarithi pengo kubwa. Ugonjwa ule ule, umeanzia upande wa pili.

Sekunde zinazopotea mlangoni

Ukitaka kuona pengo linavyozaliwa, simama karibu na mlango wa mbele. Abiria anakanyaga ngazi ya kwanza, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine unaingia kwenye mkoba. Noti inatoka, imekunjwa. Dereva anaikunjua, anaiangalia, anatafuta chenji, anakosa, anauliza kama kuna mwenye noti ndogo. Sekunde 5 zimekwenda, wakati mwingine 10, na nyuma yake wapo watu 20. Akilipa kwa kadi ya kugusa ni sekunde 3 hivi. Akiwa amelipa kabla na anaingia tu, ni kama 2, na sakafu ya basi ikiwa sawa na ukumbi wa kituo, bila ngazi, inashuka zaidi.

Watu 40 kwa sekunde 4 kupitia mlango mmoja ni sekunde 160, karibu dakika 3. Watu hao hao wakigawana milango 3 kwa sekunde 2 kila mmoja ni chini ya nusu dakika. Hakuna injini wala barabara mpya inayoweza kukurudishia dakika 2 na ushei katika kituo kimoja. Curitiba, Brazili, walioanzisha njia maalumu za mabasi mwaka 1974 chini ya meya Jaime Lerner, waliliona hili mapema: mwaka 1991 walijenga vituo vya umbo la bomba la kioo ambamo abiria analipa anapoingia kituoni na kuingia basini kwa usawa wa sakafu. TransMilenio, mfumo wa mabasi ya haraka wa Bogotá, Kolombia, ikafuata Desemba 2000 na kuongeza njia ya kupitana kwenye vituo, na kwa hizo mbili, malipo ya nje na nafasi ya kupitana, ikaweza kubeba watu zaidi ya 40,000 kwa saa kuelekea upande mmoja, idadi ambayo wengi waliamini ni ya treni peke yake. Mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam, yaliyoanza mwaka 2016, yamejengwa juu ya kanuni hizo hizo.

Msongamano wa mlangoni una sababu nyingine ndogo ambayo matangazo ya "sogeeni nyuma" hayaitibu. Watu hawasogei kwa sababu wanaogopa kushindwa kushuka. Basi lenye mlango mmoja tu wa kushukia, korido nyembamba na viti viwili kila upande humlazimisha abiria mwenye akili kung'ang'ania karibu na mlango. Ongeza mlango wa kati, toa safu moja ya viti karibu nao ili kubaki na uwanja wa kusimama, na watu watasogea bila kuambiwa.

Kwa nini basi limesimama bila sababu

Mwisho wa njia kuna muda wa akiba, kwa kawaida asilimia 10 hadi 15 ya muda wa safari. Abiria huuona kama mapumziko ya dereva, na kweli anahitaji kunyoosha miguu, lakini kazi yake hasa ni kumeza ucheleweshaji ili safari ya kurudi ianze ikiwa safi. Ukikatwa ili kubana matumizi, asubuhi inaambukiza mchana na mchana unaambukiza jioni.

Katikati ya njia, msimamizi ana zana chache, na kila moja ina wa kuumia. Anaweza kulishikilia basi linalowahi. Hapo ndipo unapokaa ndani ya basi lililosimama, milango wazi, hakuna anayepanda, na dereva hasemi kitu. Kwako wewe ni dakika 1 iliyoibwa. Kwa walio vituo vya mbele na kwa basi la nyuma ni pengo lililozibwa. Zana hii hufaa mapema, vituo vichache baada ya kuanza, wakati tatizo bado ni la dakika 1 na waliomo ndani ni wachache. Kulishikilia basi lililojaa karibu na mwisho wa njia ni kuwaadhibu watu 70 kwa faida ya 5. Na dereva akitangaza tu kwamba wanasubiri kuachana na basi la mbele, nusu ya manung'uniko huisha. Ni ajabu jinsi jambo hili lisilogharimu chochote linavyosahaulika.

Zana nyingine ni kuruka vituo, na kuligeuza basi kabla halijafika mwisho. Ile kauli ya "shukeni wote, panda la nyuma" inauma, lakini mara nyingi upande wa pili wa barabara kuna pengo la dakika 25 na basi hilo ndilo pekee linaloweza kuliziba. Uamuzi huo ni halali kama la nyuma linaonekana kwa macho na lina nafasi. Kama halionekani, aliyeamua alikuwa anatazama skrini bila kuwatazama watu.

Mabasi yanayotoka kwenye foleni

Idadi ya mabasi ambayo njia inahitaji ni muda wa mzunguko mzima kugawanya kwa pengo unalotaka. Mzunguko wa dakika 100, akiba ikiwemo, kwa basi kila dakika 10, unataka mabasi 10. Foleni ikiurefusha hadi dakika 120, una mawili ya kuchagua: ununue mabasi 2 zaidi na kuajiri madereva wake kwa zamu zote, au uwaache abiria wasubiri kila dakika 12. Na ukiufupisha hadi dakika 80, mabasi yale yale 10 yanapita kila dakika 8. Yaani jiji linaloondoa foleni mbele ya basi limejipatia mabasi 2 bila kwenda kiwandani.

Njia ya mabasi pekee ndiyo dawa inayojulikana zaidi na inayochukiwa zaidi. Njia moja ya barabara ya mjini, mambo yakienda vizuri na bila taa za kuisimamisha, hupitisha magari madogo kama 1,500 hadi 1,800 kwa saa, na mengi yana mtu mmoja. Mabasi 60 kwa saa yenye watu 70 kila moja yanabeba watu 4,200. Tatizo ni la macho: basi 1 kwa dakika maana yake njia inaonekana tupu muda mwingi, na dereva aliyekwama kando yake anaona ardhi inayoharibika. Shinikizo la kuifungulia kila mtu huanzia hapo.

Inapofeli, hufeli mahali palepale. Gari moja lililoegeshwa "dakika mbili tu" linalilazimisha kila basi kuchomoka na kuingia kwenye foleni, na faida ya kilomita nzima inakwisha. Au njia inakatishwa mita 50 kabla ya makutano ili kuwapisha wanaopinda, yaani inapotea pale ambapo foleni ipo. Hata taa za barabarani zinazoongeza sekunde chache za kijani kwa ajili ya basi zina mtego: zikimpendelea kila basi bila kuuliza, zinaliharakisha pia lile linalowahi, na mabasi yanazidi kugandana. Zinatakiwa zimpe kijani yule tu mwenye pengo kubwa mbele yake. Kituo nacho kiwe baada ya taa, la sivyo basi linapewa kijani wakati bado linapakia.

Kuhusu kufuta vituo. Kila kituo, ukiacha muda wa kupanda na kushuka, kinagharimu sekunde kama 20 za kufunga breki, kufungua na kufunga milango, na kuomba nafasi ya kurudi barabarani. Njia ya kilomita 12 yenye kituo kila mita 250 ina vituo kama 48. Kila mita 400, ina 30. Vituo 18 vilivyopungua ni dakika 6 kwa kwenda na 6 kwa kurudi, jumla 12, zaidi ya basi zima kwa hesabu ile ya juu ya basi kila dakika 10. Anayetembea kando ya njia ataongeza mita 75 kwa zaidi. Kwa mtu mzima mwenye afya ni dakika 1. Kwa mwenye magongo au mzee anayepandisha mlima, hesabu hiyo haina maana, na kituo kilicho mbele ya hospitali hakifutwi kwa sababu ya kipimo cha mita.

Pesa taslimu inapoondoka

London iliacha kupokea pesa taslimu kwenye mabasi Julai 2014, na majiji mengi yanaelekea huko. Faida yake umeiona mlangoni. Kasoro zake hazisemwi kwenye mabango ya uzinduzi.

Ya kwanza ni mashine yenyewe. Mfumo uliopangwa vizuri hauulizi makao makuu kila kadi inapoguswa. Mashine ya basini ina orodha ya kadi zilizozuiwa, inakubali au kukataa kwa chini ya nusu sekunde, na kupeleka hesabu baadaye mtandao ukipatikana. Uliopangwa vibaya unasubiri jibu la mtandao kwa kila abiria, na siku mtandao unapolegea mlango unakuwa mbaya kuliko enzi za chenji. Misimbo ya kuskani kwenye simu ina shida zake: skrini iliyopasuka, mwanga hafifu, chaji iliyokwisha, mtu anayeanza kuifungua programu akiwa tayari mlangoni. Ifungue ukiwa bado kituoni.

Ya pili ni salio. Kadi ikiwa tupu usiku na duka la kujazia limefungwa, mtu anaachwa. London ililizuia hili kwa kumruhusu mwenye kadi yenye salio pungufu kusafiri mara moja zaidi na kulipa baadaye. Mfumo usio na kipengele kama hicho haujawafikiria wanaotoka kazini usiku wa manane.

Na yapo makosa ya abiria yanayogharimu. Ukigusisha pochi yenye kadi mbili, mashine inaweza kukata ile usiyoitaka. Ukipanda kwa simu na kurudi kwa kadi ya benki, hata akaunti ikiwa moja, mfumo kwa kawaida unawaona kama watu wawili, na kile kikomo cha nauli ya siku, ambacho ukikifikia hutozwi zaidi, hukifikii. Na palipo na malipo ya umbali, ukishuka bila kugusa unatozwa nauli ya mwisho wa njia.

Njia zinapokatwa na kuambiwa uunganishe

Hakuna badiliko linalowaudhi watu kama hili: basi lililokuwa likikutoa mtaani hadi mjini moja kwa moja linafutwa, na sasa unapanda mawili. Sababu yake ni kwamba kila mtaa ukiwa na njia yake ya moja kwa moja, mabasi yanagawanyika kwenye njia nyingi na kila moja inapata basi 1 kwa nusu saa. Zikipunguzwa na kupangwa kama mistari ya daftari la hesabu, mabasi yale yale yanapita kila dakika 8. Chukua safari ya moja kwa moja: kusubiri wastani wa dakika 15, kusafiri 30, jumla 45. Ya kuunganisha: kusubiri 4, kusafiri 14, kutembea 2, kusubiri 4, kusafiri 14, jumla 38. Barcelona ilijenga mtandao wake wa namna hii kwa awamu, kati ya 2012 na 2018, njia 28 za mlalo, wima na mshazari. Houston iliubadilisha wote usiku mmoja, Agosti 2015.

Hesabu hiyo ya 38 ina masharti matatu yaliyofichwa. Nauli ya pili isitozwe. Kutembea kuwe kweli dakika 2, bila kuvuka barabara ya magari ya kasi. Na mapengo yawe sawa, kwa sababu anayeunganisha anasubiri mara mbili, na mabasi yakifuatana kwa jozi anaumia mara mbili.

Santiago ya Chile ilionja hali hiyo. Tarehe 10 Februari 2007 mfumo mpya uliwashwa jiji zima kwa siku moja, wakati njia za mabasi na vyombo vya kuyafuatilia havijakamilika na mabasi hayatoshi. Watu walilazimika kuunganisha kwenye mabasi yasiyokuja, wakakimbilia treni za chini ya ardhi hadi zikafurika, na Rais Michelle Bachelet akaomba radhi hadharani mwezi uliofuata. Seoul nayo ilibadilisha kila kitu kwa siku moja, Julai 1, 2004, na siku za mwanzo mashine za kadi zilisumbua hadi meya akaomba radhi. Tofauti ni kilichokuwepo chini: njia za mabasi katikati ya barabara, nauli ya umbali isiyomwadhibu anayeunganisha, na makampuni ya mabasi yanayolipwa kwa kilomita huku nauli zote zikiingia mfuko mmoja.

Hilo la mwisho lina uzito kuliko linavyoonekana. Dereva anayelipwa kwa vichwa hukaa kituoni hadi ajaze, kisha anakimbizana na mwenzake kugombea kituo kijacho. Bogotá waliuita mtindo huo vita vya senti. Hapo mabasi yanagandana kwa makusudi, na hakuna kadi wala programu itakayoyaachanisha. Ukimlipa kwa kilomita mbio zinaisha, ila anaweza kuwapita watu kituoni kwa kuwa hawamwongezei kitu. London hupima dakika ambazo abiria wa njia zenye mabasi mengi walisubiri kupita kiasi kilichopaswa, na makampuni hupata au kupoteza fedha kwa kipimo hicho. Kipimo hicho kinaangalia pengo lenyewe.

Umeme na skrini

Shenzhen, China, ilikuwa na mabasi zaidi ya 16,000 yote ya umeme ifikapo mwisho wa 2017, kwa hiyo swali la kama inawezekana limefungwa. Kwa abiria, basi la umeme ni kimya na halina moshi, na linaondoka kwa nguvu, kwa hiyo shika bomba kabla mlango haujafungwa. Kusubiri kwako halikupunguzii hata dakika moja.

Linaweza hata kukuongezea. Basi la mita 12 hutumia kama uniti 1.2 kwa kilomita. Kwa kilomita 220 kwa siku ni uniti 264. Betri ya uniti 350 haikamuliwi hadi tone la mwisho. Ukichukua asilimia 80 yake ni 280, inatosha. Siku ya joto kali kiyoyozi kikipandisha matumizi hadi 1.5, zinahitajika 330. Sasa basi lazima lirudi kuchaji katikati ya siku, na mahali pake pawe na lingine, la sivyo kuna pengo. Tena yadi ya mabasi 50 inahitaji uniti zaidi ya 13,000 ndani ya saa 6 za usiku, yaani takriban megawati 2.2 mfululizo. Hiyo inataka transfoma na laini yake yenyewe, na mradi ulioagiza mabasi kabla ya laini hiyo huishia na mabasi mapya yaliyofunikwa turubai.

Skrini na programu za simu hutegemea basi kutuma mahali lilipo kila sekunde 10 hadi 30. Dakika zinazopanda na kushuka kidogo kadiri foleni inavyobadilika ndizo za kweli. Zikipungua moja moja kila dakika kama saa ya ukutani, zikafika sifuri na kupotea bila basi kuonekana, ulikuwa unaonyeshwa ratiba tu. Safari hiyo ilifutwa na hakuna aliyeifuta kwenye mfumo. Utabiri ni mbovu zaidi kwenye vituo vya mwanzo wa njia, kwa sababu basi bado limeegeshwa.

Skrini ikionyesha basi lako dakika 1 na jingine la njia hiyo hiyo dakika 2, na huna haraka ya kuwahi la kuunganisha, liache la kwanza. La pili lina viti, na kama sheria za njia zinaruhusu kupitana linaweza hata kutangulia. Ila soma kibao chake cha mbele kabla hujapanda: msimamizi akiamua kuligeuza moja wapo katikati ya njia, mara nyingi atachagua hilo hilo tupu.